Mali Bila Daftari

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake; na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyefanya biashara kwa uaminifu kabla ya kupewa utume, na zimfikie jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Dini na biashara ziliingia katika nchi hii kwa njia moja. Wengi katika Waislamu wa mwanzo waliofika Rwanda zama za Wajerumani walikuwa wachuuzi na watumishi wasemao Kiswahili, na msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, mjini Kigali, ulijengwa mwaka 1913. Duka dogo la Mwislamu, basi, tangu zamani halikuwa mahali pa kuuzia chumvi na nguo tu. Lilikuwa ni mahali ambapo jirani asiyekuwa Mwislamu alipata kumtazama Mwislamu na kumjua ni mtu wa namna gani. Mpaka leo ni hivyo. Mteja wa soko la Mahoko hakusoma vitabu vya fikihi, lakini huitazama mizani ya mwenye duka kila siku.

Watu wa Kanama ni wakulima na wachuuzi. Viazi, vitunguu, karoti na maharage hutoka mashambani, hupita Mahoko, huteremka Gisenyi, na vingine huvuka mpaka mpaka Goma. Kijana akipata mtaji kidogo hufungua duka, au hununua magunia mawili matatu akauze. Hilo ni jambo jema. Sahaba Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hana kitu, nduguye wa Kiansari, Saad bin Rabii, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kwa kuuza jibini na samli, hata akawa tajiri. Asiudharau mtu, basi, mwanzo mdogo.

Lakini maduka mengi hufunguliwa, na mengi hufungwa kabla ya mwaka kwisha. Mwenye duka akiulizwa husema wateja wamepungua, au ametupiwa jicho. Na ukichungua utaona wateja walikuwapo, na jicho halikuwapo. Tuchukue mfano.

Mtu ameanza kwa mtaji wa faranga 300,000. Kila siku huuza vitu vya faranga 30,000, na vitu hivyo yeye alivinunua kwa 26,000. Faida yake ni 4,000. Lakini jioni mkononi mwake mna 30,000, naye huziona zote ni zake. Hutoa 6,000 kwa chakula cha nyumbani, na simu, na haja za watoto. Siku ile amekula faida yote, na juu yake amekula 2,000 za mtaji. Akifanya hivyo siku 25 za mwezi, amekula 50,000. Katika miezi sita 300,000 zimekwisha, na kodi ya nyumba haijahesabiwa. Mtu huyu hakuibiwa wala hakurogwa. Aliuza kila siku, akala duka lake kidogo kidogo bila ya kujua. Wazee walikwisha sema: mali bila daftari huisha bila habari.

Dawa yake ni mwenye duka kujifanya mtumishi wa duka lake. Ajipangie posho iliyo chini ya faida, tuseme 2,500 kwa siku, na asiizidishe hata akiona sanduku limejaa. Zile 1,500 zinazobaki, kwa siku 25, ni 37,500. Hizo ni za kodi, na ushuru, na vitu vinavyooza au kuvunjika. Na kila jioni, kabla ya kufunga mlango, aandike mambo matatu: alichouza, alichonunua, alichotoa kwa ajili ya nyumba yake. Kazi hiyo haichukui robo saa. Asiyejua kuandika amwandikishe mwanawe aliye shule, na mtoto atajifunza hesabu yenye manufaa.

Jambo la pili ni deni. Mwenye duka Mwislamu hujikuta kati ya mambo mawili mazito. Akimnyima jirani unga hali watoto wana njaa, moyo humsuta. Akimpa kila aombaye, duka hufa, na watoto wake mwenyewe hulala na njaa. Dini haikumwacha hapa bila mwongozo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yaani aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Humo Waislamu wameamrishwa kuliandika deni la muda maalumu, na wasichoke kuliandika, likiwa dogo au likiwa kubwa. Lakini watu wengi huona haya. Daftari likitolewa, mwenye kukopa hununa, akauliza, "Kwani huniamini?" Na ajibiwe kwa upole kwamba kuandika si kumshuku mtu. Binadamu husahau, na binadamu hufa. Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti aliyekuwa na deni asiache cha kulilipia, asimsalie mpaka Abu Qatada alipojitolea kulilipa. Basi anayemwandikia jirani deni lake amemhifadhi yeye na warithi wake.

Na deni liwe na mpaka wake. Mwenye mtaji wa 300,000 akisema hatakopesha zaidi ya 30,000 kwa jumla, atakuwa ameacha mlango wa wema wazi, na duka limebaki. Mdeni akifikwa na dhiki, aya ya 280 ya sura ile ile yataka angojewe mpaka apate nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Ama mwenye uwezo akichelewesha makusudi, Mtume (S.A.W.) amekuita kuchelewesha huko dhuluma. Daftari ndilo linalomwezesha mwenye duka kuwapambanua watu hawa wawili.

Jambo la tatu ni misiba, ambayo watu wa pande hizi wameionja. Machi 2020 mpaka wa Goma ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitoa moto, na matetemeko yakafuata hata Gisenyi. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 katika nchi, na mto Sebeya ukafurika ukaingia katika nyumba za watu. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na benki za mji ule zikafunga milango. Hakuna mwenye duka awezaye kuyazuia mambo haya. Ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini aliyeweka mali yake yote kwa mteja mmoja, au ng'ambo moja ya mpaka, hupotewa na yote kwa siku moja. Na ambaye madeni yake yamo kichwani tu, au daftari lake moja limo dukani chini ya meza, maji yakiingia hana la kuanzia. Nakala ya pili ikae nyumbani, mahali pa juu.

Sasa yatazamwe yanayomfika aliyeyapuuza haya yote. Rafu zikiwa tupu, naye anaona aibu kufunga, huenda kwa mkopeshaji wa kichinichini, kwa ile inayoitwa na watu Banque Lambert. Tuseme amekopa 100,000 kwa ziada ya ishirini kwa mia kila mwezi. Mwezi ukiisha atadaiwa 20,000 za ziada peke yake. Kwa faida ya 4,000 kwa siku, hiyo ni kazi ya siku tano, na zile 100,000 bado zasimama vile vile. Asipolipa, ziada huzaa ziada, mpaka shamba la urithi liandikwe jina la mwingine. Hii ndiyo riba ambayo Mwenyezi Mungu ameiharimisha, naye amehalalisha biashara. Mtu huyu hakuamka siku moja akaazimia kuingia katika riba. Alifikishwa mlangoni pake na zile 2,000 alizokula kila siku bila kuziandika.

Njia za halali zipo. Ipo ikimina: watu wanaoaminiana hutoa kiasi kile kile, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Ikiwa hakuna anayerudisha zaidi ya alichopokea, hamna riba ndani yake. Upo na ushirika wa mudharaba: mmoja hutoa mtaji, wa pili hutoa kazi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyopatana, na hasara ikitokea bila ya uzembe humwangukia mwenye mtaji, na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Ni kwa mtaji wa Bi Khadija kwamba Mtume (S.A.W.) alisafiri kwenda Sham kufanya biashara. Lakini nani atampa mtaji wake mtu asiyeweza kuonyesha alichouza jana? Daftari safi ndilo dhamana ya maskini.

Na uaminifu wa daftari uende pamoja na uaminifu wa bidhaa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta ndani majimaji, akamtaka mwenyewe aweke yale majimaji juu watu wayaone, na akajitenga na mwenye kudanganya. Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa muuza nguo Kufa, mshirika wake alipouza nguo yenye kasoro bila ya kuisema, aliitoa sadaka thamani yake. Basi asiviweke mtu vitunguu vilivyooza chini ya gunia, na vizima juu.

Mwisho, mwaka ukitimia, mwenye daftari ataijua zaka yake. Mali ya biashara ikifika nisabu, katika kila 1,000,000 hutolewa 25,000. Asiyeandika hukisia; na anayekisia haki ya maskini mara nyingi huipunguza.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki za watu wa Kanama, awaepushe na riba na deni lisilolipika, awarehemu waliochukuliwa na maji, na awajaalie wafanya biashara wetu kuwa miongoni mwa wakweli na waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.