Mkwaju wa Bankani: Tuanze Bila Mpira

Ndugu makocha wenzangu,

Nimepangiwa kuzungumzia mazoezi ya kutoa mpira kwenye banka, yale mashimo ya mchanga yanayozunguka grini kwenye uwanja wa gofu. Nina hoja moja. Wanafunzi wetu tunawafundisha kuupiga mpira, ilhali bankani mpira haupigwi. Unaopigwa ni mchanga, nao ndio unaoubeba mpira hadi nje.

Mchezaji aliyeukodolea macho mpira huugonga moja kwa moja, ukavuka grini yote. Hata mabingwa yamewakuta. Kwenye mashindano ya Masters ya 1961, kule Augusta, Arnold Palmer alihitaji mikwaju minne tu katika shimo la 18 atwae ubingwa. Mpira ukaingia banka ya kulia. Akautoa kwa nguvu, ukapitiliza grini na kuporomoka ng'ambo. Akamaliza kwa sita. Gary Player wa Afrika Kusini alikuwa ameingia banka hiyohiyo kabla yake, akajinasua kwa nne, akashinda kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Player anajulikana hadi leo kwa saa alizozimaliza mchangani akijifua.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Chora mstari mchangani, mrefu wa hatua mbili. Mwanafunzi auweke katikati ya miguu yake, uzito uegemee mguu wa mbele, kisha aupige mstari huo akisogea kidogo kidogo hadi mwisho. Mpira hakuna. Akimaliza, msome pamoja alama za fimbo. Zikianzia nyuma ya mstari, ujue uzito umebaki mguu wa nyuma. Zikiwa za kina kama amechimba muhogo, analaza uso wa fimbo kidogo mno. Alama nzuri huanzia mstarini, ni fupi na ya juujuu. Zikishafanana, ndipo uweke mpira sentimita tano hivi mbele ya mstari, naye aendelee kuupiga mstari.

Wengi hawaiamini fimbo yao. Mchezaji Gene Sarazen, mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliilehemu weji yake, fimbo ya mikwaju mifupi, ikanenepa upande wa chini, ndipo ikaanza kuteleza mchangani badala ya kuzama. Mwaka 1932 akatwaa nayo ubingwa wa wazi wa Uingereza. Unene huo hufanya kazi kwenye mchanga mkavu. Mchanga ukishalowa na kushikana baada ya masika, fimbo hudunda na kuufumua mpira. Hapo uso wa fimbo usilazwe sana.

Najua swali linalokuja: klabu haina banka ya mazoezi. Ninyi wa Pwani hamna udhuru. Maji yakipwa, ufukwe unakupa mchanga mgumu chini na tifutifu juu, hatua chache tu kati yake. Wa bara wachimbe shimo pembeni ya uwanja. Mstari hauhitaji grini.

Tahadhari moja. Tangu 2019 kanuni zinaruhusu kuondoa jani au kijiwe bankani, lakini kugusa mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira, au wakati wa kujaribu mkwaju, bado ni adhabu ya mikwaju miwili katika mchezo wa kuhesabu mikwaju. Kwa hiyo kila kipindi kifungwe kwa mipira michache inayopigwa kama mashindanoni, fimbo ikiwa hewani.

Mchana tutakwenda uwanjani kulijaribu zoezi hili. Kila kundi libebe reki yake, na aliyepiga wa mwisho ndiye anayesawazisha.