Mashine Mbili Katika Kona Moja

Wakazi wa fleti za Nairobi na Dar es Salaam wanaijua adha hii: bafu dogo, roshani nyembamba, na nguo za watoto zinazogoma kukauka msimu wa masika.

Mashine nyingi za kufulia zenye mlango wa mbele zina upana wa sentimita 60 na kimo cha 85. Za kukaushia hukaribiana nazo, kwa hiyo zinaweza kupandana: ya kufulia chini kwa kuwa ni nzito, ya kukaushia juu, zikishikwa na fremu maalumu. Bila fremu hiyo, mtikisiko wa kukamua unaweza kuiangusha ya juu, na watoto hupita hapo.

Wanaotegemea tangi wapime pia kimo chake. Mashine nyingi huhitaji presha ya baa 0.5, yaani maji yaliyo mita 5 juu yake. Tangi lililo mita 2 juu ya mashine hutoa baa 0.2 tu, pampu ndogo huziba pengo.

Kwa fleti, inayofaa ni ya kukaushia kwa pampu ya joto, maana haihitaji bomba la kutoa hewa nje. Na kabla ya kuwasha mashine ya kufulia, fundi afungue boliti za nyuma zilizoshikilia pipa safarini.