Deni Halifichwi Chini ya Godoro
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Muhuru Bay



Kamati imenipa heshima ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, nalo ni hali ya mtu aliyezidiwa na madeni, na namna ya kumwendea wakili. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yangu ni ukarani, na kwa muda wa miaka kadhaa nilikuwa nikiwapokea watu katika ofisi ya wakili. Ya pili mwaijua nyote: nilimdhamini ndugu yangu, na deni lake likanifikia mlangoni.

Ndugu yangu ametoa ruhusa nilisimulie jambo hili. Alinunua injini ya mashua na nyavu kwa mkopo, na mwanzoni alilipa vizuri. Kisha ikaja miezi ya kufungwa uvuvi wa omena, ambayo huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Julai. Mkopo haukufungwa pamoja na ziwa. Akakopa kwa simu ili alipe mkopo wa kwanza, akakopa tena ili alipe ule wa simu. Barua ya madai ilipokuja aliiweka chini ya godoro, na ya pili akaiweka hapo hapo. Hati ya kuitwa mahakamani ilipoletwa, yeye alikwisha kwenda visiwani, na mkewe ndiye aliyebaki kuulizwa na kila mgeni aliyebisha hodi.

Hatimaye alimwendea wakili. Alikwenda mikono mitupu, akalipa ada ya mashauri, na kwa kila swali aliloulizwa alijibu, "Sikumbuki vizuri." Wakili hakuwa na la kufanya siku ile, kwa maana muda wa kujibu madai ulikuwa umepita na hukumu imetolewa naye hayupo. Mimi mdhamini nilikuwa wa mwisho kupata habari, nazo nilizipata kwa dalali. Mpaka leo hii nalipa kila mwezi. Kama barua ile ya kwanza ingalisomwa na mtu aijuaye sheria, mambo yangalikuwa mengine. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hata matanga yana utaratibu wake.

Sasa tuiangalie sheria. Sheria ya zamani ya mufilisi iliondolewa, na mahali pake ikawekwa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Wengi wetu hudhani kwamba mtu aliyeshindwa kulipa ana njia mbili tu, kutoroka au kutangazwa mufilisi. Sivyo. Yafaa mzijue njia zote, maana kazi ya kwanza ya wakili ni kukuambia ni ipi ikufaayo.

Njia ya kwanza ni kupatana na wadai wako kwa barua, bila kwenda mahakamani. Ya pili ni mapatano ya hiari chini ya sheria, ambayo wadai huyapigia kura, na mtaalamu aliyeidhinishwa huyasimamia. Ya tatu ni amri ya kulipa kidogo kidogo, ambayo huombwa kwa Mpokeaji Rasmi, yaani afisa wa Serikali anayesimamia mambo ya watu waliofilisika. Ya nne ni ya mtu asiye na mali yoyote ya kuuzwa, wala uwezo wa kulipa, ambaye madeni yake hayapungui shilingi 100,000 wala hayazidi 400,000. Huyu akikubaliwa, kwa kawaida hufunguliwa baada ya miezi 12. Ya mwisho ndiyo kutangazwa mufilisi na Mahakama Kuu. Kwa kawaida mufilisi hufunguliwa baada ya miaka 3 tangu alipotoa taarifa kamili ya mali na madeni yake.

Ufilisi si adhabu ya jinai, lakini si mchezo pia. Mali ya mufilisi hushikwa kwa faida ya wadai, ila vyombo vya lazima vya kazi na vya nyumbani kwa kiasi ambacho sheria imeruhusu. Kwa Katiba ya mwaka 2010, mufilisi ambaye hajafunguliwa hawezi kuchaguliwa kuwa Mbunge wala mjumbe wa Bunge la Kaunti. Akitaka kutoka nje ya Kenya huhitaji idhini; na sisi tunaokaa hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania, tunaokwenda Shirati kama mtu aendaye kwa shemeji yake, tulikumbuke hilo.

Wengi huogopa jela. Mwaka 2010, katika shauri la mufilisi lililosikizwa Nairobi, Jaji Martha Koome, ambaye tangu mwaka 2021 ndiye Jaji Mkuu, aliamua kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mapatano. Majaji wengine baadaye wamesema kwamba jela ya madai ingalimo katika sheria, lakini ni kwa yule mwenye uwezo anayekataa kulipa. Basi anayeonyesha hesabu yake waziwazi yu salama kuliko anayejificha, kwa maana kujificha hufanana na kukataa.

Tena asione mtu haya kupita kiasi. Nakumatt, lililokuwa duka kubwa lenye matawi katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, liliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwaka 2020 wadai wake wakapiga kura lifungwe. Wenye duka lile walikuwa na mawakili tangu mwanzo. Kwa nini mvuvi wa Muhuru aende peke yake?

Sasa, wakili apatikane vipi? Msimfuate mtu anayewashika mkono kwenye lango la mahakama akisema, "Mimi nitakupeleka kwa mkubwa wangu." Wakili wa kweli ana cheti cha kazi cha mwaka huu, kwa maana cheti hicho hutolewa upya kila mwaka, na jina lake laweza kuhakikishwa kwa Chama cha Mawakili cha Kenya. Muulizeni bila woga: Je, umepata kushika mashauri ya ufilisi, au kazi yako ni ya mashamba na talaka? Ada yako yote ni kiasi gani, na gharama za mahakama na matangazo zimo au hazimo? Ni wewe utakayeshika shauri langu, au ni mwingine? Ombeni mapatano hayo kwa maandishi, na kila shilingi mnayotoa ipewe stakabadhi. Akisema, "Usilipe kitu, tutagawana tukishinda," jihadharini, kwani Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya namna hiyo. Asiye na uwezo kabisa aulize juu ya Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na mwenye malalamiko juu ya wakili ana mahali pa kuyapeleka, ambapo ni Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Kabla ya kupanda gari kwenda Migori au Homa Bay, kaeni usiku mmoja na daftari. Nasema usiku mmoja, wala si nusu saa. Andikeni sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni madeni. Andika jina la kila mdai, tarehe ya kukopa, kiasi ulichopewa, kiasi ulicholipa, riba, na kilichobaki. Usiache deni la simu, la duka, la chama cha akina mama, wala la shemeji. Andika pia nani alikudhamini, na nini uliweka rehani. Ombeni taarifa ya M-Pesa, na ripoti yenu kwa ofisi za kumbukumbu za mikopo, ambayo mtu ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Hesabu hii ina faida kubwa. Kwa mfano, Sheria ya Mabenki huzuia riba ya mkopo uliokwama isipite kiasi cha deni lililokuwapo lilipokwama; lakini wakili hawezi kuuona ukiukaji huo ikiwa hana tarehe.

Sehemu ya pili ni mali: mashua, injini, nyavu, taa, ng'ombe, pikipiki, hisa za ushirika, na fedha ambazo watu wengine wanakudai wewe kuwalipa zikitengwa na zile unazowadai wao. Kuhusu ardhi, sema kama hati ni kwa jina lako au bado ni kwa jina la babu. Na kama nyumba ya familia iliwekwa rehani, mke aende pamoja na mumewe, kwani sheria hutaka idhini ya mwenzi wa ndoa, na kama haikutolewa, wakili apaswa kujua.

Sehemu ya tatu ni mapato na matumizi. Msiandike mapato ya usiku mmoja mwema wa giza na kuyazidisha kwa 30. Andikeni pia usiku wa mbalamwezi, ambapo omena haivuliki, na miezi minne ya kufungwa ziwa. Mapatano yaliyojengwa juu ya mapato ya uongo huvunjika katika mwezi wa kwanza.

Sehemu ya nne ni karatasi zenyewe: mikataba, barua za madai, hati za mahakama na bahasha zake, kila moja ikiandikwa siku uliyoipokea. Mdai akikuletea hati ya madai chini ya Sheria ya Ufilisi, una siku 21. Zikipita bila malipo wala pingamizi, aweza kuomba utangazwe mufilisi. Kama wakopeshaji wa simu wamekutukana au kuwapigia jamaa zako ili wakuaibishe, hifadhi ujumbe huo, kwa maana kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza mambo hayo.

Mkiisha kuketi mbele ya wakili, semeni kweli yote. Mliyomwambia katika kazi hiyo ni siri iliyolindwa na sheria, isipokuwa mnataka awasaidie kufanya uovu. Na hapa nawaonya kwa upendo. Nimewaona watu ambao siku chache kabla ya kuja ofisini wameandikisha mashua kwa jina la mjomba na kuwahamisha ng'ombe usiku. Mahakama yaweza kuyabatilisha hayo yote, na aliyeficha mali aweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Mtu aliyeingia kwa wakili akiwa mdeni hutoka akiwa mhalifu.

Neno langu la mwisho ni kwa wadhamini, ambao ni wengi katika ukumbi huu. Mdeni akifunguliwa na sheria, mdhamini hafunguliwi pamoja naye. Sahihi yako hubaki pale pale. Kwa hiyo ewe mdeni, siku unapopata barua ya kwanza, mwambie aliyekudhamini kabla ya jua kuchwa. Ndugu yangu aliniambia baadaye kwamba aliona haya. Nilimjibu kwamba haya ile imenigharimu karo ya mtoto wangu ya mihula miwili.

Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano huu ukubali mambo mawili madogo. La kwanza, mwanachama yeyote aliyepokea barua ya madai aweze kuketi na Katibu kwa faragha, na kusaidiwa kuandika daftari lile la sehemu nne. La pili, mfuko wetu umlipie nauli ya safari moja ya kwenda kwa wakili, yeye pamoja na mkewe au mumewe. Sisemi Chama kiwalipie watu madeni yao, kwani dawa ya deni ni kulipa, na mwenye deni ni mwenyewe. Nasema tu kwamba asiachwe mtu wetu kuvuka maji usiku kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyemsaidia kuisoma.

Ndugu yangu amerudi, na yumo humu ndani pamoja nasi. Yeye ndiye aliyenihesabia usiku wa giza na wa mbalamwezi nilipokuwa nikiandika hotuba hii.