Hotuba: Chombo cha Kupitishia Uzi wa Kuvutia Nyaya



Nyumba za Kariakoo leo ni ghorofa juu ya ghorofa, na nyaya za umeme hupita ndani ya mabomba yaliyofukiwa ukutani. Waya hausukumiki humo. Sharti fundi atangulize uzi, kisha avute. Je, uzi huo aupitishe kwa chombo gani?

Bomba likiwa refu na tupu, utepe wa chuma ndio bora, kwa kuwa husukumwa mbali bila kujikunja. Likiwa fupi lenye kona kali, utepe wa nailoni wafaa.

Bali bomba likiwa na nyaya za zamani, angalieni sana! Chuma hupitisha umeme, na volti 230 humwua mtu. Zimeni swichi kuu, mpime, kisha mtumie utepe usio na chuma ndani yake. Waya wa kufungia nondo msiutumie kabisa, ingawa ni rahisi: ncha yake huchuna ngozi ya nyaya, na hapo moto huweza kuzuka.

Mkimaliza, acheni uzi bombani kwa ajili ya fundi ajaye. Akiba haiozi.