TUHIFADHI PICHA ZETU
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kidahwe)



Nitasema machache juu ya kuhifadhi picha. Jambo hili si dogo. Baadhi ya wenzetu wametangulia mbele ya haki, na kwa wengine wao picha ndiyo ukumbusho pekee uliobaki. Zamani picha zilikaa katika albamu. Siku hizi zimo katika simu na flashi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano mwema tunao jirani, pale Gombe. Tangu Jane Goodall alipoanza utafiti wake mwaka 1960, habari za sokwe zimeandikwa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa imeandikwa na Watanzania wenzetu, kwa Kiswahili. Karatasi hizo hazikuachwa ufukoni peke yake. Zilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, baadaye Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, zikaingizwa katika kompyuta. Nasi tumeona jinsi ziwa lilivyopanda miaka hii na maji kuingia katika majengo ya ufukoni. Fundisho ni hili: kumbukumbu iliyo mahali pamoja tu, bado haijahifadhiwa.

Sasa, picha ya simu huharibikaje? Picha hiyo ni safu ndefu ya tarakimu. Zikivurugika chache mwanzoni, picha yaweza isifunguke kabisa. Zikivurugika katikati, utaona nusu ya juu nzima na nusu ya chini ya kijivu. Mara nyingi sababu ni kuchomoa flashi au kadi kabla kompyuta haijamaliza kuandika, au umeme kukatika wakati huo huo. Tena, flashi hutunza picha kwa chaji ndogo za umeme, nazo huvuja pole pole ikiachwa kabatini miaka mingi. Dagaa wakioza utasikia harufu. Picha ikiharibika haina harufu. Ni lazima uifungue uitazame.

Kwa hiyo nashauri mambo matano.

Kwanza, kila picha iwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na moja mbali na hapa, kwa ndugu aliye mji mwingine au katika hifadhi ya intaneti. Lakini angalieni: mara nyingi hifadhi ya intaneti hufuata simu, ukifuta huku na kule inafutika. Hiyo peke yake isihesabiwe kuwa akiba.

Pili, msitegemee picha zilizopita WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hupunguzwa ukubwa. Mwombeni mpigaji awape ile ya asili, au aitume kama hati.

Tatu, picha zikipotea katika kadi, acheni kuitumia mara moja. Picha iliyofutwa mara nyingi bado imo mpaka nyingine iandikwe juu yake, na fundi mwenye programu inayofaa aweza kuirudisha. Kompyuta ikiuliza kama isafishe kadi, jibuni hapana.

Nne, andikeni majina, mwaka na mahali. Picha ya watu thelathini wasiojulikana majina itamfaa nini mjukuu? Wanaowajua wa mstari wa nyuma wanapungua kila mwaka.

Tano, chache zilizo bora zichapishwe kwenye karatasi. Karatasi haihitaji umeme wala neno la siri.

Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo. Kila mkutano wetu utenge saa moja: diski za chama zifunguliwe, picha zitazamwe, iliyoharibika irudishwe kutoka nakala nzima, na wazee waketi na vijana kuandika majina. Vijana mna ujuzi wa kompyuta. Sisi tunazikumbuka sura. Kazi hii haiwezi kufanywa na upande mmoja, wala haiwezi kungoja mpaka sisi tuwe tumekwisha.