Funga Daftari, Ujiulize

Maneno ya mwanachama wetu, mhasibu anayeishi Dar es Salaam, kwa wanafunzi na wazazi wa Mutuka



Nimeombwa niseme namna nzuri ya kusoma. Nianze na aibu yangu. Nilipofanya mitihani ya bodi ya uhasibu kwa mara ya kwanza, nilifeli somo nililolisoma kuliko mengine yote. Daftari nilikuwa nimelirudia mara nne, na kila ukurasa niliona ninaujua. Kwenye chumba cha mtihani, maswali nikayaelewa, majibu yakakataa kuja.

Kosa langu lilikuwa hili: nilizoea sura ya ukurasa nikadhani najua kilichomo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio lao. Wanafunzi walipewa habari fupi ya kusoma. Kundi moja likaisoma tena. Jingine likaandika bila kuangalia yale lililokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Na mtihani wa kidato cha nne, wanangu, hauji baada ya dakika tano.

Basi fanyeni hivi. Jioni soma kurasa mbili za somo la siku hiyo. Funga daftari, andika unachokumbuka. Fungua, jisahihishe. Ulichokosa ndicho cha kuanza nacho kesho. Kirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Sisi wahasibu huandika vitabu kila siku. Anayengoja mwisho wa mwaka hutafuta stakabadhi asizione. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, lugha. Shule ya msingi mlisoma kwa Kiswahili, sekondari mnajibu kwa Kiingereza, na wengi mnakariri sentensi msizozielewa. Mweleze mdogo wako somo kwa Kiswahili, au kwa Kigorowa au Kiiraqw. Ukikwama, hapo ndipo hujaelewa. Ukishaelewa, liandike kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi zako mwenyewe, maana hivyo ndivyo utakavyoulizwa.

Tatu, fanya mitihani ya miaka iliyopita kwa kuangalia saa, kisha ulale. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kuingia umechoka.

Sasa wazazi. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, nasi tukaona yetu yamekwisha. Lakini binti akirudi shule huchota maji, hupika, huosha vyombo, ndipo afungue daftari saa nne usiku, macho yanafumba. Kaka yake muda huo wote amekaa. Gaweni kazi. Mpeni kila mtoto saa moja kila jioni, hata msimu wa mbaazi, kwa sababu mtihani wa Novemba haungoji mavuno.

Na sisi tunaoishi mijini, ambao kijitabu hiki kitatufikia na bahasha ndani yake: tunaombwa taa za sola za kuazimisha, nakala za mitihani iliyopita, na posho ya mwalimu atakayesimamia chumba cha kusomea jioni. Hakuna jengo la kuzindua wala utepe wa kukata. Kama mhasibu naomba jambo moja: kila shilingi iandikwe, na hesabu isomwe hapahapa mwakani mbele ya wote.

Nanyi wanafunzi, nikirudi mwakani sitawauliza mmesoma saa ngapi. Nitaomba mfunge daftari, mnieleze.