Mfalme Asiyeulizwa



Leo tuzungumze juu ya mfalme mmoja wa zamani wa Ufaransa, Louis wa 14. Tutaona jinsi mtu mmoja alivyoishika nchi nzima mkononi mwake. Tutaona pia nani aliyelipa gharama.

Louis alizaliwa mwaka 1638. Baba yake alikufa mwaka 1643, naye akawa mfalme akiwa mtoto wa miaka minne. Mama yake ndiye aliyetawala kwa niaba yake, pamoja na waziri mkuu, Kadinali Mazarin. Wakati huo Ufaransa ilikuwa vitani na Hispania. Vita vinataka fedha, na fedha ni kodi. Watu wakachoka. Mahakimu wa Paris wakapinga, makabaila wakashika silaha. Fujo hizo zilianza mwaka 1648 zikaisha mwaka 1653. Usiku mmoja wa Februari 1651 watu wa mjini waliingia mpaka chumbani kwa mfalme, wahakikishe kwamba hajatoroshwa. Walimkuta kitandani, amefumba macho. Alikuwa na miaka 12.

Mwaka 1661 Mazarin alikufa. Kesho yake Louis aliwaita mawaziri. Akawaambia kwamba sasa atatawala mwenyewe, na kwamba wasitie sahihi karatasi yoyote bila amri yake.

Je, aliwezaje? Alitumia njia nne.

Kwanza, jeshi. Zamani makabaila wakubwa walikuwa na askari wao. Louis akalifanya jeshi liwe la mfalme, mpaka likapita watu 300,000.

Pili, alituma wasimamizi wake mikoani. Hao waliangalia kodi na mahakama, wakamwandikia habari zote. Yeye ndiye aliyewaweka, na yeye ndiye aliyewaondoa.

Tatu, makabaila. Louis alijenga jumba kubwa mno huko Versailles, karibu na Paris, akahamia huko mwaka 1682. Kabaila aliyetaka cheo ilimbidi akae palepale, machoni pa mfalme. Watu ambao baba zao walimpiga vita, sasa wakagombea heshima ya kumpa shati lake asubuhi! Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nne, mabaraza. Ufaransa ilikuwa na baraza kuu la mapadri, makabaila na watu wa kawaida. Lilikuwa limekutana mara ya mwisho mwaka 1614. Louis hakuliita hata mara moja. Tena mwaka 1673 aliziamuru mahakama kuu ziandikishe kwanza sheria zake, ndipo zitoe malalamiko. Sasa ukilalamika na sheria imekwisha pita, itasaidia nini?

Haya, nani alilipa? Kodi kubwa ya nchi haikuwagusa makabaila wala mapadri. Mkulima ndiye aliyeibeba. Halafu kulikuwa na kodi ya chumvi. Katika mikoa mingi ya kaskazini, kila mtu aliyepita miaka minane alilazimishwa kununua chumvi ya serikali kwa kiasi kilichowekwa, atake asitake. Mwaka 1693 na 1694 njaa iliua watu zaidi ya milioni moja. Vita havikusimama.

Wahenga walisema: mwenye nguvu mpishe. Lakini kumpisha kuna bei yake.

Louis alikufa mwaka 1715, baada ya kuwa mfalme miaka 72. Aliacha madeni makubwa, na wafalme waliomfuata wakayaongeza. Mwaka 1789 hazina ilikuwa tupu. Louis wa 16 akalazimika kuliita lile baraza kuu. Miaka 175 ilikuwa imepita!

Sasa sikilizeni hili, maana linatuhusu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani. Vijiji viliambiwa viandike malalamiko yao katika daftari. Wakulima wakakutana. Aliyejua kuandika akawaandikia wenzake wasiojua. Wakaandika habari za kodi, wakaandika habari za chumvi. Mwaka 1790 kodi ya chumvi ikafutwa.

Je, mambo yakaisha hapo? Hapana. Mwaka 1806 mtawala mwingine mwenye nguvu, Napoleon, aliirudisha kodi hiyo. Kwa hiyo, ndugu zangu, anayeandika lake mara moja kisha akalifunga daftari hajamaliza kazi.